Kuhesabu watu wa avenyu moja Goma: mwongozo kamili kwa reko, shefu wa avenyu na kamati ya kartiye

Shefu wetu wa avenyu ana kaye (daftari) ya jalada la bluu ambamo wameandikwa watu wote wa avenyu. Majina yanaingia, hayatoki. Waliohama baada ya volkeno ya 2021 bado wamo. Mzee aliyefariki bado ni mkubwa wa nyumba, na watoto wake watatu, ambao leo kila mmoja ana kwake, wameandikwa kwa baba na wakaandikwa tena kwao. Komine ikiomba idadi, shefu anahesabu mistari. Namba inapanda ngazi, inaingia kwenye ripoti, na siku moja inaturudia katika sura ya vyandarua: vingi mno huku, vichache kule.

Simlaumu. Nchi nzima ina kaye kama ile. Tangu uhuru, Kongo imefanya sensa moja tu ya kitaalamu, ile ya 1 Julai 1984, wakati tukiitwa Zaire. Ilitoa watu karibu milioni 30.7. Kivu Kaskazini ilikuwa haijawa mkoa. Kivu iligawanywa mwaka 1988. Idadi tunazosikia leo, zinazopita milioni 100, ni za kukadiria. Ni kama gunia la unga lililopimwa mara moja, kisha kila mwaka mtu anaandika kwamba uzito umeongezeka, bila kulirudisha kwenye mizani. Wakati huo majirani wetu wa karibu wamepima: Rwanda na Tanzania walihesabu Agosti 2022 wakapata milioni 13.2 na milioni 61.7, Burundi na Uganda wakafuata 2024. Goma sisi, huyu anasema tuko milioni moja, yule anasema mbili, na wote wawili wanaongea kwa uhakika uleule.

Mwongozo huu haufanyi sensa ya taifa. Unahusu avenyu moja, parsele (viwanja vya makazi) 60 au 100 hivi, inayotaka kujua ina watu wangapi kwa ajili ya maji, chanjo, vyandarua au bomba la kamati. Nimehesabu katika komine ya Karisimbi mara kadhaa nikiwa reko, yaani mhamasishaji wa afya wa jamii, na nimekosea karibu kila kosa nitakalolitaja. Matatizo yanayoikwamisha sensa ya nchi utayakuta yote hapa, mlangoni kwa mama mmoja, saa mbili asubuhi.

HATUA YA 1: Amua unamhesabu nani

Wengi wanaanza kwa kugonga mlango. Usianze hapo. Kaeni kikao cha saa mbili, mkubaliane maana ya maneno mawili: "kaya" na "mkazi". Msipokubaliana, wahesabuji wawili watapita nyumba moja na kutoka na idadi mbili, na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkubwa mmoja. Paa haliamui. Goma, parsele moja yenye geti moja inaweza kuwa na nyumba ya mwenye parsele mbele, vyumba vitatu vya mbao nyuma vya wapangaji, na chumba cha pembeni cha kijana wake aliyeoa. Je, huyo kijana ni kaya yake? Uliza mkewe anapika wapi. Kama ana makala yake na sufuria yake, ni kaya. Kama wanakula kwa mama mkwe, bado wamo kwa mama mkwe, hata kama mlango wao una kufuli lake.

Mkazi ndilo neno gumu zaidi. Kuna njia mbili zinazotumika duniani. Ya kwanza ni kuchagua usiku mmoja na kumwandika kila mtu pale alipolala usiku huo. Kenya mwaka 2019 ilichagua usiku wa kuamkia 25 Agosti, Tanzania ikachagua usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Ya pili ni kumwandika mtu pale anapoishi kwa kawaida, kwa kipimo cha miezi sita: ameshaishi hapo miezi sita, au amekuja kwa nia ya kukaa muda huo. Nchi zinazotumia Kifaransa mara nyingi huchanganya njia zote mbili kwa herufi tatu, nami ninakushauri uzitumie: RP kwa mkazi aliyepo, RA kwa mkazi asiyekuwepo, VIS kwa mgeni. Uzuri wake ni kwamba hubishani na mtu mlangoni. Unamwandika kila anayetajwa, unaweka herufi, na hesabu unaifanya baadaye.

Sasa pima kanuni yako kwa watu halisi wa mji huu. Mvuvi wa sambaza yuko ziwani usiku kucha na taa zake. Usiku uliochagua hakulala popote. Sentineli (mlinzi) analala kwenye geti la nyumba ya watu Himbi, ila mke na watoto wako Ndosho. Muuguzi yuko zamu. Mama anayeuza kwa kuvuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière, siku mpaka ukifungwa mapema analala Gisenyi, ng'ambo, kwa dada yake. Baba mwenye wake wawili, mmoja Majengo na mwingine Mugunga, atatajwa na wote wawili kama mkubwa wa nyumba, na hakuna mke atakayesema "hapana, huyu mwandike kwa mwenzangu". Kanuni tuliyoifikia sisi: aliyekuwa kazini usiku na akarudi asubuhi kwake ni RP kwake. Sentineli ni RP pale anapolala siku nyingi zaidi za juma. Baba wa nyumba mbili ni RP pale alipolala usiku wa hesabu, na RA kule kwingine, na kwenye jumla RA wa namna hiyo anaondolewa. Yenu inaweza kuwa tofauti. Muhimu iandikwe kwenye karatasi, kila mhesabuji awe nayo mfukoni.

HATUA YA 2: Chora kabla ya kuhesabu

Tembea avenyu yote bila kumuuliza mtu kitu. Chora kwa mkono: njia, parsele, geti, vibanda, kanisa, boutiki yenye chumba cha kulala nyuma. Ipe kila parsele namba yako mwenyewe, kwa sababu namba za milangoni ama hazipo ama zinarukaruka. Anzia pembe moja na uweke ukuta mkono wako wa kulia mpaka urudi ulipoanzia. Ukikata njia katikati kwenda kumsalimia rafiki, umeshapoteza nyumba mbili.

Goma ina ugumu wake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika makartiye, na watu wakajenga upya juu yake. Kuna sehemu ambapo mipaka ya parsele za zamani iko chini ya jiwe, na nyumba za mbao zimesimama zinavyoweza kusimama. Picha za setilaiti zinasaidia kuona mapaa, ila bati moja refu linaweza kufunika kaya tano, na bati lingine ni jiko na banda la kuku.

Halafu kuna ukingo. Ukiwa upande wa Buhene, nyumba za mji na za teritware (wilaya ya vijijini) ya Nyiragongo zimeshonana kama vipande vya kitenge, na mtu mmoja anaweza kusema yuko mjini akiwa na shida ya cheti, na yuko teritware kodi ikija. Nyumba za ukingoni ndizo zinazohesabiwa mara mbili au kutohesabiwa kabisa. Dawa ni kwenda pamoja na mhesabuji wa avenyu ya jirani, kusimama mpakani, na kugawana nyumba moja moja kwa majina. Hili linachukua saa moja. Nimeona kampeni nzima ikivurugika kwa kuikwepa saa hiyo.

HATUA YA 3: Tengeneza imani, kwa muda wa kutosha

Tenga angalau juma zima. Ndiyo, juma zima kwa avenyu moja.

Ukibisha hodi na karatasi mkononi, swali la kwanza ni hili: "Munatuandika juu ya nini?" Nyuma ya swali hilo kuna historia. Enzi za Wabelgiji, aliyekuja kuandika watu aliandika wanaume wa kulipa kodi ya kichwa, na wanaume walijificha porini. Mwaka 1991, zoezi la kutambua raia lilichochea mvutano mkubwa Kivu Kaskazini, kwa sababu swali la "uko nani" liligeuka kuwa "uko wa hapa kweli?". Januari 2015 watu walimiminika barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu, kwa sababu mswada wa sheria ya uchaguzi ulifunga uchaguzi na sensa, na wakaona sensa imekuwa njia ya kumwongezea rais miaka. Sensa ilikuwa haijaandika hata jina moja, na tayari watu walikuwa wamekufa. Kila mara vita inapopita, mtu mwenye orodha ya wanaume wa nyumba ni mtu wa kuogopwa.

Basi hofu inapunguza watu: vijana wa kiume wanafichwa, wageni hawatajwi. Mwenye parsele naye anaficha wapangaji, maana mkoa unakusanya kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha na hajui kama wewe hukutumwa na wale.

Upande wa pili kuna tumaini, na tumaini linaongeza watu. Kwa miaka mingi Goma imeishi na jetoni (vikadi) za msaada. Watu wamejifunza kwamba anayesema "tuko tisa" anapata kuliko anayesema "tuko tano". Nimewahi kuingia nyumba nikakuta watoto watano, nikaenda ya tatu mbele yake nikakuta sura mbili zilezile, zimevaa masweta mengine. Mmoja alinikonyeza. Ukweli ni kwamba sikukasirika. Nilikuwa nimevaa jile (kizibao) la kazi, na jile kwa watoto wale maana yake ni distribisyo, ugawaji wa msaada.

Kwa hiyo:

Usivae jile lolote. Vaa kawaida.

Kiongozi wa nyumba kumi aende na wewe hadi mlangoni, akutambulishe, kisha aondoke. Akibaki, watu watasema kile wanachotaka yeye asikie.

Tangazeni mara tatu: kanisani, msikitini, na siku ya Salongo, ile ya usafi wa pamoja. Semeni waziwazi hesabu ni ya nini. Kama hakuna msaada, semeni "hakuna msaada", na mrudie. Kama ni ya vyandarua, elezeni kanuni: kwa kawaida kampeni hupanga chandarua kimoja kwa watu 1.8, kwa hiyo nyumba ya watu saba ni kama vinne. Mtu akijua hesabu inavyokwenda, uongo wa kuongeza mtoto mmoja unaonekana kuwa kazi bure.

Kuna pia wazee, na si wachache, wanaoona kuhesabu watoto kwa sauti ni kuwaitia mkosi. Usibishane. Mwombe mama awataje kwa majina, wewe hesabu kimya kwenye fishi, karatasi yako ya kuandikia.

HATUA YA 4: Fishi

Fupi. Namba ya parsele, namba ya kaya, jina moja la kuitwa, uhusiano na mkubwa wa nyumba, jinsia, umri, na RP, RA au VIS. Basi.

Usiulize kabila. Usiulize lugha ya nyumbani, wala kijiji cha asili. Nigeria, ambayo ilifuta matokeo ya sensa za 1962 na 1973 kwa sababu kila eneo liliamini jingine limejiongezea watu, haikuuliza kabila wala dini ilipohesabu mwaka 2006. Kwetu "unatoka wapi?" ni swali lenye meno. Usiulize pia karte ya mchaguzi. Orodha ya CENI, tume ya uchaguzi, haiwezi kuwa sensa: inaandika tu watakaokuwa wamefikisha miaka 18 siku ya uchaguzi, na kwa kuwa karte ile ndiyo kitambulisho cha watu wengi, kuna watoto waliojiongezea miaka ili waipate. Isitoshe, uandikishaji wa 2023 haukuweza kufanyika katika sehemu kubwa za Rutshuru na Masisi kwa sababu ya vita, na watu wa huko wengi walikuwa hapa kwetu, chini ya mahema.

Tumia karatasi na kreyo. Tablet ni nzuri. Tanzania walitumia vishikwambi nchi nzima. Lakini umeme wetu unaujua, na kijana mwenye tablet jioni Birere ana shida nyingine kabisa ya kuwaza.

HATUA YA 5: Mlangoni

Salimia kwanza, kaa ukipewa kiti, na usitoe fishi mpaka mazungumzo yafike hapo. "Mama, muko bangapi mu nyumba?" Atasema saba. Usiandike saba. Sema, "Tuwataje mmoja mmoja." Anza na mkubwa wa nyumba, kisha mke, kisha watoto kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha ndugu, kisha wasio ndugu. Mara nyingi saba wanakuwa tisa, na mama mwenyewe anacheka.

Wanaosahaulika ni walewale kila mahali. Kitoto cha majuma mawili, ambacho hakijapewa jina, kwa hiyo kwa wengine hakijawa mtu wa kuandikwa. Mtumishi wa ndani. Mjukuu aliyeletwa kusoma. Bibi kizee wa chumba cha nyuma. Familia ya deplase (waliokimbia makwao) iliyopokelewa "kwa siku chache" na sasa ina mwaka. Kwa hiyo, ukimaliza orodha, uliza maswali haya manne bila kuruka hata moja: Kuna mtoto mchanga? Kuna anayelala hapa lakini sasa yuko kazini, ziwani au shuleni? Kuna anayefanya kazi hapa na kulala hapa? Kuna mtu wa vita au wa volkeno mliyempokea? Swali la nne ndilo lililonipa watu wengi zaidi kuliko mengine yote. Uliulize kwa upole, na ukijibiwa usiandike alikotoka.

Umri ndio unaochukua muda, na hapa sitaharakisha.

Watu wengi wazima hawana tarehe ya kuzaliwa. Wana umri wa kukadiria, na makadirio hupenda kukaa kwenye 30, 35, 40, 50. Mama mmoja wa Majengo, mwaka 2019, aliniambia ana miaka 40. Nikamuuliza volkeno ya kwanza, ile ya Januari 1977, kama anaikumbuka. "Vizuri sana," akasema, "nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni." Mwenye miaka 40 mwaka 2019 alizaliwa 1979. Na msichana wa kukimbia na mtoto mgongoni ana miaka sita, saba hivi. Tukashuka taratibu mpaka 1970, akawa na miaka 49. Hakuwa amenidanganya, hakuna aliyewahi kumuuliza kwa njia anayoweza kujibu.

Kwa hiyo kila mhesabuji awe na kalenda ya matukio, karatasi moja, nayo iwe ya Goma. Yangu ina haya: uhuru, 30 Juni 1960. Nchi kuitwa Zaire, Oktoba 1971. Nyiragongo ya kwanza, 10 Januari 1977. Sensa yenyewe, Julai 1984. Hotuba ya Mobutu ya kufungua vyama vingi, 24 Aprili 1990. Wakimbizi wa Rwanda kujaa mjini na kipindupindu, Julai 1994. Waasi wa AFDL kuingia Goma, mwanzo wa Novemba 1996. Vita ya waasi wa RCD kuanza, Agosti 1998. Kifo cha Mzee Kabila, 16 Januari 2001. Lava mjini, 17 Januari 2002. Uchaguzi, 30 Julai 2006. Waasi wa M23 kuingia mara ya kwanza, 20 Novemba 2012. Volkeno ya 22 Mei 2021 na siku tulizokimbilia Sake. M23 kuingia tena, mwisho wa Januari 2025.

Soma orodha ile kwa sauti na utaona ni kalenda ya namna gani tunayo. Mji mwingine ungeweka mwaka wa daraja, mwaka wa reli.

Njia ya kuitumia: usimuulize mtu "ulikuwa na miaka mingapi?" Muulize alikuwa akifanya nini. Alikuwa anabebwa, alikuwa amevaa yunifomu, alikuwa ameolewa, alikuwa na mimba ya nani. Kutoka hapo umri unapatikana. Mzaliwa wa kwanza wa mtu ni kipimo kizuri pia, maana umri wa watoto wao watu wanaujua kuliko wa kwao.

HATUA YA 6: Waliokosekana

Mlango uliofungwa haumaanishi nyumba tupu. Rudi mara tatu, saa tofauti: asubuhi sana, jioni, na Jumapili baada ya ibada. Mara ya tatu uliza jirani, na uandike herufi J pembeni ili ajulikane ni mtu wa kusimuliwa.

Kisha usiku mmoja, na watu wawili mnaoaminika, wahesabuni wasio na nyumba: maibobo (watoto wa mtaani) wanaolala kwenye baraza za maduka, watu wa stendi, wanaolala ndani ya boutiki. Ifanyike usiku mmoja tu, kwa sababu wanahama. Msiwaamshe. Hesabuni vichwa, andikeni "karibu miaka 12", muondoke.

HATUA YA 7: Jihesabu tena

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na bila hii huna hesabu, una orodha tu. Idadi yoyote ya watu ina tundu. Afrika Kusini, yenye ofisi ya takwimu ambayo wengi wanaionea wivu, ilihesabu mwaka 2022, kisha ikatuma watu wengine kukagua, ikakuta sensa imewakosa karibu asilimia 31 ya watu. Ikasahihisha na kulitangaza hilo. Mimi naiamini zaidi kwa sababu hiyo. Hesabu inayosema haikumkosa mtu ndiyo ninayoikimbia.

Fanya hivi. Chagua parsele kumi kwa kura, vipande vya karatasi ndani ya kofia. Usichague wewe, utachagua za karibu. Siku tatu baadaye, mtu mwingine ambaye hajaona fishi zako aende huko na kuandika upya. Kisha mkae na orodha mbili mkilinganisha jina kwa jina.

Tuseme wewe uliandika watu 68, mwenzako 70, na majina yanayoonekana kote kuwili ni 64. Zidisha 68 kwa 70, gawanya kwa 64: ni kama 74. Hao ndio watu wanaokadiriwa kuwemo kweli. Wewe uliwapata 68 kati ya 74, yaani karibu 91 katika kila 100. Hesabu hii ni ileile wanayoifanya wanaohesabu samaki ziwani: unavua, unaweka alama, unarudisha, unavua tena, unaangalia wangapi wana alama.

Ila kabla ya kugawanya, waangalie wale wanne walioko kwako tu, ambao mwenzako hakuwaona. Inawezekana yeye aliwakosa. Inawezekana pia ni watoto wa masweta. Rudini pamoja mkahakikishe. Kila mtu hewa mliyemwacha kwenye orodha anaikuza 74 yenu bure. Na kuna udhaifu wa pili ambao hesabu haiuoni: kijana aliyefichwa kwako kwa hofu atafichwa pia kwa mwenzako. Hivyo 74 yenyewe bado iko chini kidogo ya ukweli, na mahali penye hofu kubwa iko chini zaidi.

Kipimo cha pili ni cha umri. Chukua watu wote wa miaka 23 hadi 62. Hesabu wangapi wana umri unaoishia na 0 au 5. Gawanya kwa jumla yao, zidisha kwa 5, kisha kwa 100. Kama watu ni 120 na 48 wako kwenye 0 na 5, unapata 200. Ingekuwa 100 kama umri umesemwa sawasawa, na 500 kama kila mtu amewekwa kwenye 0 au 5. Ipige kwa kila mhesabuji peke yake. Mwenye 300 hakutumia kalenda; aliandika alichoambiwa, au alikaa chini ya mti akaandika mwenyewe. Nimeyaona yote mawili, na la pili huwa na familia nzuri sana: baba 45, mama 40, watoto 15, 10 na 5.

HATUA YA 8: Namba itoke, majina yabaki

Unachomkabidhi shefu, kituo cha afya au komine ni jumla kwa parsele: wanaume, wanawake, chini ya miaka mitano, juu ya sitini. Majina hayatoki. Mtu akiyaomba, awe na muhuri au bunduki, jibu lililotayarishwa mapema ni kwamba karatasi za majina zimeshachomwa, na ili lisiwe uongo, zichomeni kweli mara mkimaliza hatua ya 7. Mwanzoni mwa 2025, mji ulipobadili mikono na kambi za pembezoni zikafumuliwa ndani ya majuma machache, wenye orodha ndani ya nyumba hawakulala.

Chini ya jumla andika vitu vitatu, kwa mkono, kwenye ukurasa uleule ili visitenganishwe: tarehe ya usiku wa hesabu, kanuni mliyotumia kwa RP, RA na VIS, na tundu lenu, mfano "tunakadiria tumekosa 9 katika kila 100, wengi vijana wa kiume". Muuguzi wa kituo atalalamika kwamba fomu yake haina nafasi ya kuandika tundu. Mwambie aandike pembeni.

Hesabu ya Goma huchakaa upesi. Baada ya miezi sita, au wiki ya kwanza baada ya watu kukimbia au kurudi, rudieni. Ramani ya hatua ya 2 inatumika tena ikikaguliwa nusu siku. Hatua ya 3 inaanza upya, juma zima.